Mwezi wa Kufunga Ghuba

Wavuvi walimbandika afisa uvuvi wao jina la Mama Rula, kwa kuwa kila samaki aliyeshushwa gatini alimlaza kwenye rula ya mbao, akamnyoosha mkia taratibu kama anayemvisha mtoto soksi, kisha akanong'ona sentimita zake. Wenye nyavu walisema anawapendelea matajiri wanaovua kwa mishipi wikiendi, kujifurahisha tu. Wenye mishipi walisema anambeba kaka yake, mwenye nyavu.

Siku ya mkutano, pendekezo aliloliandika mwezi uliopita lilikuwa mezani: samaki wanapozaliana, ghuba ifungwe kwa wenye nyavu. Kaka yake akasimama. "Dada, sisi tufungiwe, wao waendelee kucheza?"

"Sisi samaki tunawarudisha majini wazima," akadakia mwenyekiti wa wenye mishipi.

Mama Rula alikuwa akibandua gamba la samaki lililomganda ukuchani. "Wiki iliyopita niliwachukua samaki ishirini mliokuwa mkiwarudisha, nikawaweka kwenye kizimba cha wavu baharini," akasema kwa mnong'ono uleule, hata watu wakaacha kukohoa. "Siku ya tatu, tisa walikuwa wamekufa."

Akachukua kalamu, akakata "wenye nyavu", akaandika "wavuvi wote". Ukumbi ukalipuka. Kaka mtu hakumuaga. Alitoka bega kwa bega na mwenyekiti, watu ambao hawakuwahi hata kusalimiana, wakimteta yeye mpaka barabarani. Naye akawatazama kupitia dirisha, moyo ukimuuma kidogo, lakini ukimtulia zaidi.