Njia Ishirini za Mwanarehema

Mwanarehema Boga aliianza kazi getini. Miaka minne alikaa kwenye kibanda cha yadi moja ya makontena huko Changamwe, akiandika kwa kalamu namba za malori. Nyumbani kwao Port Reitz alijifundisha kuandika programu, hadi akaiundia yadi tovuti ambayo dereva huitumia kwa simu kuchagua saa yake ya kuingia. Akahamishiwa ofisini.

Mwaka jana wateja waliongezeka, na tovuti ikaanza kukwama. Asubuhi ilikwenda vizuri, lakini ikifika saa nne inaganda. Wakiizima na kuiwasha inarudi, kisha baada ya saa mbili inaganda tena. Malori yakapanga foleni hadi barabarani.

"Seva imezidiwa," akasema Musyoka, meneja wa yadi, akimaanisha kompyuta inayoendesha tovuti. "Tununue kubwa. Na hizo njia za kufikia hifadhidata, zifanye mia tano."

Hifadhidata ndiyo iliyotunza namba za makontena na saa za madereva wote. Kila dereva akibonyeza, tovuti huazima njia moja ya kuifikia, huuliza, kisha huirudisha njia ile ili mwingine aitumie. Njia hizo zilikuwa ishirini.

"Ishirini zatosha, bwana Musyoka," Mwanarehema akajibu. "Swali moja halimalizi hata sekunde. Kama zimekwisha, kuna pahali zashikwa hazirudi. Nipe siku mbili."

Akashuka getini na kompyuta yake ya mkononi, iliyoonyesha njia ngapi zimeshikwa. Kalama, dereva wa miaka mingi, alikuwa ndani ya lori akihangaika na simu.

"Shikamoo, mzee Kalama."

"Marahaba, mwanangu. Tovuti yako yaniambia namba ya kontena si sahihi. Miwani nimeisahau."

Mwanarehema akatazama kioo cha kompyuta. Njia zilizoshikwa zilikuwa tatu. Sasa ni nne, na ile ya nne haikurudi.

"Hebu kosea tena, mzee."

"Nikosee makusudi?"

"Wallahi, kosea."

Kalama akakosea. Tano. Akakosea tena. Sita.

Alielewa papo hapo. Namba ikiwa mbovu, ukurasa wa tovuti ulimjibu dereva kisha ukaondoka bila kurudisha njia. Wakishakosea madereva ishirini, hakuna anayepita. Zamani madereva walikuwa wachache na mfumo ulizimwa kila jioni, kwa hivyo kosa halikuonekana. Na ukurasa ule aliuandika yeye mwenyewe.

Alipanda ofisini moja kwa moja. "Kosa ni langu, na kufikia saa saba litakuwa limekwisha."

Musyoka akamkazia macho. "Una hakika?"

"Ninayo."

Akaiandika upya sehemu ile ili njia irudishwe kwa vyovyote, jibu liwe zuri au baya. Akaongeza na agizo kwamba anayesubiri zaidi ya sekunde tano aambiwe ajaribu tena, asiachwe akiduwaa. Kisha akampigia simu Kalama, ambaye alikosea mara thelathini huku akicheka. Njia zilizoshikwa hazikupita mbili.

Wiki ile foleni ikaisha. Musyoka bado alitaka kuongeza njia, angalau kidogo.

"La," akasema Mwanarehema. "Kila njia yala nguvu ya hifadhidata, hata ikikaa bure. Ishirini zatosha, na zile mia tano zingeizamisha."

Seva mpya haikununuliwa. Mwaka huu yadi mbili za jirani zimemwomba aziundie tovuti. Amekubali moja; ya pili ilitaka kazi imalizwe kwa wiki moja, naye akakataa, akawaambia wazi kuwa wiki moja haitoshi.