Mwalimu wa Joni

Haya, sogeeni hapa, nyie mliokalia mawe ya juu shukeni, kisasi hakisikilizwi kwa mbali! Jirani yangu mmoja alikuwa mwalimu wa Joni, kule kwenye migodi ya dhahabu ya Makaburu. Kwetu Mwanza, aliyerudi Joni anapewa kigoda na kata ya kwanza ya pombe, awaeleze wanaokwenda mara ya kwanza nchi ilivyo. Sisi akatwambia, “Joni ni jua tupu, wanangu. Blanketi la nini? Niachieni mimi.” Tukamwachia rundo refu kuliko majabali ya ziwani.

Ndugu zangu, baridi ya Joni! Ukitema mate yanadondoka mawe. Ndevu zangu ziligandana na kitanda, nikawa naenda mgodini na kitanda kidevuni. Kisasi nikakilea kama ndama.

Nikarudi. Nikamkuta kwenye kigoda kile kile, anafundisha vijana wengine, blanketi langu begani.

“Shikamoo, mwalimu!”

“Marahaba.”

Nikawageukia vijana: “Mna bahati! Mzee anaijua njia, kesho anapanda lori pamoja nanyi. Bwana anayeandikisha watu nimeshamwambia.”

Kata ikamponyoka. Alitetemeka kuliko mimi kule Joni, na mimi roho ikaburudika. “Mbebeni, vijana!” Wakamshika miguu.

Mkewe akatoka jikoni mbio: “Mwacheni, jamani! Huyo hajavuka hata ziwa hapo Busisi! Joni yake ilikuwa hapo jirani Ilemela, kwa mama yangu, anachunga mbuzi!”