Foteyi za Wageni

Pascaline alipandisha foteyi, kile kiti kinono cha sebuleni, kilimani kwa paji la uso. Msishangae. Lori la vifaa vya biblioteki mpya, yaani maktaba, lilikwama chini ya chuo, matope ya Bukavu mnayajua, na Papa Honoré, mkubwa wa biblioteki, akaitisha salongo: Jumamosi wanafunzi wote waje kubeba. Wavulana walibeba mbao wawili wawili, huku wanalalamika kama wazee. Pascaline, binti wa kijiji cha Mudaka, mama wa watoto watatu, alifunga kamba kwenye foteyi, akaipitisha pajini jinsi mama yake alivyokuwa akibeba viazi, akapanda nayo bila kutua. Ilikuwa ya buluu. Alipokata kona, mguu mmoja wa foteyi ulikwaruzwa na ukuta ukachubuka.

"Courage, maman!" Papa Honoré alimpokea kule juu. "Hii ni nyumba yenu. Munajijengea benyewe!"

Nyumba yenu. Likamateni hilo neno, msiliachie.

Biblioteki ya zamani ilikuwa chumba cha giza chenye vimeza vya mtu mmoja mmoja, na kila ukuta umebandikwa tangazo la kunyamaza. Nani anasoma hivyo Bukavu? Silabusi, kijitabu cha somo, ni moja kwa watu watatu au wanne. Mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anaeleza, mwingine anabisha, na mkishabishana vizuri ndipo somo linaingia kichwani. Basi chuo kiliita wanafunzi, kikawauliza wanataka nini, na kwa mara ya kwanza mtu akawasikiliza: meza za duara, mbao za kuandikia ukutani, foteyi, na ruhusa ya kusema. Pascaline alisimama kwenye mkutano ule akakumbusha prizi za umeme, na prizi zikawekwa. Alitembea na habari hiyo mtaani kwake, Kadutu nzima.

Nafasi ile alikuwa anaihitaji kweli. Alibakiza mtihani mmoja tu, sayansi ya udongo, na alikuwa ameshaanguka mara moja. Akianguka tena, mwaka mzima unarudiwa, na mume wake Jacques alishasema waziwazi kwamba hana tena nguvu ya mwaka mwingine. "Hii mara niko nyuma yako," alimwambia. "Kiisha hii, basi, utaacha." Pascaline hakumlaumu. Jacques ni mtu mwema, na mtu mwema naye huchoka.

Ujenzi ukaisha, rangi ikakauka. Pascaline na wenzake wawili, Luc na Colombe, wakapanda na silabusi yao. Wakakuta kufuli. Walipochungulia dirishani, waliona foteyi zimepangwa vizuri, zote bado zimevaa nailoni za dukani.

"Papa, tunaingia lini?" Pascaline aliuliza.

"Bageni banakuja kwanza. Balitoa feza, banapashwa kuiona ingali mupya."

Haya, tungoje wageni. Wageni wakasogeza safari. Wakaisogeza tena. Mvua za Septemba zikaanza, na wale watatu wakawa wanasoma wamesimama chini ya ukingo wa paa la nyumba yao wenyewe, kurasa zinalowa, Colombe anakohoa katikati ya kila sentensi. Waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakufika chuo hiki. Hapa mgeni hajaja, na mwenyeji anakufa kwa baridi mlangoni kwake! Mtihani nao ulikuwa umekaribia, haujui mambo ya wageni.

Siku wageni walipofika, Papa Honoré alizunguka akitafuta wanafunzi wenye viatu safi.

"Maman Pascaline, vaa blouse nyeupe. Ukae pale, ufungue kitabu."

"Kitabu gani?"

"Chochote! Ni ya picha."

Alikaa. Chini yake nailoni ililia, maana hata siku ile haikuvuliwa. Ilifunikwa tu na vitambaa vya kufuma vilivyotoka nyumbani kwa Papa Honoré. Pascaline alitazama chini, akaona mguu uliochubuka. Ilikuwa foteyi yake. Akafungua kitabu cha sheria, yeye mtu wa kilimo, akatabasamu alivyoagizwa. Wageni wakapiga picha, wakasikia hotuba kuhusu nyumba ya wanafunzi, wakapiga makofi, magari yakashuka kilima.

"Aksanti sana, batoto," Papa Honoré akasema, ufunguo mkononi. "Sasa mutoke, tufunge."

"Kufunga tena?" Luc aliuliza.

"Kuko bengine banakuja Noëli. Mukiingia kila siku, na ile matope yenu, batakuta nini?"

Jamani! Kuna matusi yanayosemwa kwa upole mpaka mtu anakaribia kusema asante. Damu ilimchemka Pascaline. Hakuinuka.

"Papa Honoré, ona hapa kwa muguu. Nani aliichubua? Ni mie. Niliipandisha hii foteyi na hii kichwa. Leo hii kichwa haina ruhusa ya kuiegemea?"

Papa Honoré akacheka kicheko cha baba wa nyumba. "Maman, tusidanganyane. Kwako kwa salon, batoto banakalaka kwa foteyi?"

Watu waliobaki wakaangua kicheko, maana nani Bukavu hajui jibu? Pascaline aliona salon yake, sebule ya kule Kadutu: foteyi nne, kila moja na kitambaa alichofuma kwa mikono yake, na Mapendo, mtoto wake wa kwanza, amelala kifudifudi kwenye sakafu ya sima, saruji tupu, anaandika kazi ya shule, viwiko vyeupe kwa vumbi. Akisogea tu: toka, ni ya wageni! Wageni gani? Tangu Pasaka alikuja padri peke yake, akabariki nyumba amesimama, akaenda.

Sasa alikuwa na hasira mbili, na moja ilikuwa juu yake mwenyewe.

"Hapana, papa," alisema. "Minabakatazaka. Njo maana minajua vile iko mubaya."

Akatupa kitambaa pembeni, akainama, akaing'ata nailoni kwa meno na kuichana mpaka chini. Luc akachana ya kwake. Papa Honoré alipaza sauti, akataja wafadhili, akataja rekta, mkuu wa chuo, akainua ufunguo juu.

"Funga basi," Pascaline alimwambia. "Tuko ndani."

Colombe akafungua silabusi akaanza kusoma juu ya udongo wa mfinyanzi kwa sauti ya kanisani, na kikohozi chake. Waliokuwa nje wakasikia, wakaingia na matope yao. Papa Honoré akautia ufunguo mfukoni akaenda zake. Tangu hapo walisoma humo kila siku mpaka mtihani, na mtihani Pascaline aliushinda.

Lakini jioni ile ile, kabla ya hayo, alifika nyumbani akamkuta Mapendo chini kwenye sima. Hakusalimia hata. Alivua vitambaa vyote vinne, akavikunja, akavitia ndani ya sanduku.

"Simama. Kaa hapa."

Mtoto aliangalia foteyi, akaangalia mlango.

"Na bageni bakikuja, maman?"

"Batakukuta umekaa."