Veranda ya Duka la Vitambaa

Miguu yangu ilipooza nikiwa mtoto, ndiyo maana nilijifunza kushona kwa cherehani ya mkono. Miaka ya sitini ikielekea mwisho, Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa mjini Kisii alinipa nafasi kwenye veranda yake. Akina mama kutoka Mosocho walinunua kitambaa ndani, wakaniletea nje, na wakirudi kutoka sokoni walikuta gauni tayari. Kazi hiyo ndiyo iliyoniwezesha kuoa.

Kisha Mhindi akanyimwa leseni ya biashara kwa kuwa hakuwa raia. Siku aliyofunga mizigo alisimama mbele yangu, macho yamevimba.

"Fundi, mimi nakwenda. Lakini mwenye duka mpya ni mtu ya kwenu. Usiogope."

Kweli alikuwa wa kwetu, wa kijiji kinachopakana na chetu kule Sironga. Nilifurahi, hata Sabato hiyo tukamshukuru Mungu mimi na mke wangu. Lakini asubuhi ya kwanza alikuja na mafundi wawili wenye cherehani za miguu. Aliinama, akaongea nami taratibu kwa Kikisii.

"Ndugu yangu, nataka hapa papendeze. Mteja akikuona unatambaa mlangoni, atadhani ni mwombaji."

"Mimi ni fundi. Waulize wateja."

"Najua. Lakini umeteseka vya kutosha. Nenda nyumbani upumzike."

Sikuwa nimechoka.

Nilizunguka maduka mengine, kila veranda ilikuwa na mtu wake. Nikakaa kando ya barabara karibu na soko. Askari wa baraza la mji walinifukuza, nikarudi, wakanifukuza tena, na mvua ikaharibu kitambaa cha mteja. Mwishowe mke wangu aliibeba cherehani kichwani hadi kituo cha basi, nami nikabebwa mgongoni na mchukuzi wa mizigo.

Nyumbani watu waliniletea nguo za kutia viraka, na shukrani yao ilikuwa ndizi. Mke wangu akaanza kuchuma majani chai katika shamba la kaka yangu. Alirudi jioni vidole vimekuwa vyeusi. Shemeji, mke wa kaka, alinipakulia chakula kabla ya watoto, kama apewavyo mgonjwa.

Siku moja nilimsikia kaka akiongea na jirani uani.

"Huyu wetu hawezi kitu," alisema.

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa akieleza tu. Nilikuwa ndani nikitia kiraka; nikaisimamisha cherehani, nikaifunika.