Kitabu Alichotusomea Mjomba

Juzi, pale Ukunda, nilikiona kwa muuza vitabu vikuukuu: jalada la manjano, lenye picha ya ngazi iliyoegemea jua. Nilifurahi kupita kiasi. Nawe ungenielewa lau ungaliketi barazani kwetu Msambweni enzi zile.

Baada ya swala ya alasiri bibi alishona makuti, sisi wajukuu tukimpa majani ya mnazi moja moja, na mjomba akitusomea kitabu hicho cha kujiendeleza. Kilikuwa cha Kiingereza, akikifasiri papo hapo. Jikoni wali wa nazi ulikuwa umepaliwa makaa, na matandu yake, ule ukoko wa chini ya chungu, yalikuwa ujira wa msomaji, hayagombewi. Kwetu mjomba ndiye nguzo ya nyumba. Likitoka kinywani mwake, tulilishika.

Sura aliyoipenda bibi ilisema mtu hapandi juu mpaka ashike mkono wa aliyemlea. "Hebu rudia hapo, mwanangu," bibi alikuwa akimwambia, mikono ikitulia juu ya kuti. Mjomba alirudia, tena kwa sauti ya upole.

Kisha akapata kazi hotelini Diani, na kutoka hapo akaenda ng'ambo. Simu zilikuja, zikapungua, zikakatika. Kila Ijumaa bibi alimwekea sahani yake, akaifunika kawa. Jirani alipomtania, alimjibu, "Aliyesoma maneno yale hawezi kunisahau." Mjomba hakuja bibi alipougua. Hata mazishini hakuja.

Mimi sasa ni mwalimu, na watu huniuliza ni vitabu gani vya kujiendeleza vinavyofaa kusomwa, maana vimejaa tele na vingi ni porojo. Siku zote niliwaambia kipo kimoja, cha manjano, jina limenitoka. Basi nikakinunua, nikakisoma hadi mwisho. Sura ya mkono wa mlezi haimo. Nikaanza upya, nikidhani nimeruka kurasa. Kinachosemwa humo ni kwamba uwaache wanaokurudisha nyuma, wawe hata damu yako.

Alitusomea ya kwake, akafuata yaliyoandikwa. Nina hasira naye, sikufichi, kwa sababu maneno yale ndiyo yaliyonilea na mwenyewe hakuyaamini.

Nyumba yetu siku hizi ni ya mabati, na wali wa sufuria ya umeme hautoi matandu. Namshukuru Mungu kwa moja tu: bibi hakujua Kiingereza.