Spika Alivyopokonywa Kazi na Sauti Yake

Jirani yangu tulimwita Spika tangu hajaota ndevu, kwa sababu akinong'ona watu wa mtaa wa pili walifunga madirisha. Kazi yake ilikuwa kutembeza wageni kwenye sehemu ya zamani ya mji wetu. Historia ya mji hakuisoma popote. Alikuwa muongo, lakini muongo wa kizamani, mwenye bidii, anayekutazama usoni kwanza ndipo akukatie uongo wa saizi yako.

Kuna mlango mmoja wa mbao wenye ufa katikati. Wakija wanandoa wapya, Spika aliwaambia bwana harusi alifungiwa nje akaupiga kichwa mpaka akafunguliwa. Wakija wazee wa magongo, mlango uligeuka wa daktari, na ufa ukawa wa wagonjwa waliogombea kuingia. Niliwahi kumuuliza mwenye nyumba. Akasema ulipasuka siku walipoingiza kabati. Sasa nani atapanda ndege kuja kusikia habari za kabati?

Halafu akaja dada mmoja wa kampuni, ameshika kipaza sauti kilichovikwa manyoya kama paka. Akamwambia Spika kwamba sauti yake itaishi milele. Spika akavaa suti ya marehemu kaka yake, akauzunguka mji mzima akimsimulia yule paka. Kwa malipo yake akanunua godoro, akalala vizuri.

Usingizi haukudumu. Wageni wakaanza kuja wakiwa wameshapakua maelezo yote ya Spika kwenye simu huko kwao, vidude masikioni, wanatembea kimya kama wafiwa. Zamani mgeni alibisha, alipotea, aligonga mlango wa mtu akaomba maji. Siku hizi anampita mwenye mji kama anapita friji. Spika alikuwa akikaa kibarazani kwangu, na kila mgeni akipita anacheka peke yake, ananiambia, "Huyo amefika kwa bwana harusi." Maana kampuni ilichagua uongo mmoja kwa kila mahali. Bwana harusi kwa wote, hata kwa watawa.

Siku moja alishindwa kuvumilia, akamfuata mgeni kumwambia kwamba sauti ile ni yake. Mgeni akaukumbatia mkoba, akaongeza mwendo, huku Spika huyo huyo akimbembeleza masikioni, "Karibu rafiki yangu, usiwe na haraka."

Mkewe, mwanamke asiyepoteza maneno kwa kuwa mumewe ameyamaliza yote, akamkatia shauri.

"Kaka yangu anatafuta mlinzi wa geti. Unaanza Jumatatu."

"Getini nitaongea na nani?"

"Na geti. Bawaba zake zina kutu, litakujibu."

Wiki ile Spika alitembea kama mtu anayesubiri kung'olewa meno yote. Kumweka yeye getini peke yake ilikuwa sawa na kumzika akiwa anaongea.

Kilichomwokoa ni tabia yetu. Mitaa yetu ina majina, lakini hakuna anayeyatumia. Sisi tunaelekezana kwa watu. Spika naye alimwelekeza paka vivyo hivyo: ukimwona fundi viatu mwenye mwavuli wa buluu, ingia kichochoro cha nyuma yake, utaona jumba la tajiri. Ilikuwa kweli, mpaka mfereji wa pale ulipoziba. Fundi akashindwa na harufu, akabeba sanduku na mwavuli hadi kona inayofuata. Na kichochoro cha kona hiyo kinaishia uani kwa Spika.

Mkewe alikuwa anafua. Wakaingia wageni, wakasimama mbele ya kamba, wanatikisa vichwa. Masikioni wanaambiwa hapa aliishi tajiri mwenye wake saba, tazameni fahari yake. Wakaitazama chupi ya Spika, ile yenye matundu, wakaipiga picha.

Mkewe akatoka na povu mikononi hadi kwa fundi. Mimi nilikuwa pale, kiatu changu kinashonwa.

"Fundi, rudi kwenye kona yako."

"Shemeji, mimi ni fundi viatu, si kibao cha barabarani. Kule kunanuka."

"Watu wanapiga picha nguo za ndani za mume wangu."

"Basi mnunulie nzuri."

Mke wa Spika akageuka kurudi kwake, nikamfuata na kiatu kimoja, maana jambo kama hili mtu haachi limpite. Kundi jingine lilikuwa limeshajaa uani. Mke wa Spika akamnyofoa mgeni mmoja kidude cha sikioni, akakitia kwake. Aliwahi kufanya kazi hotelini, lugha yao anaielewa.

"Wake saba?" akasema. Kisha akageukia dirisha. "We mzee, toka nje uwataje."

Spika akatoka na fulana, shavu moja limenyolewa, jingine lina povu. Akauliza kuna nini. Wageni wakatazama simu zao, wakamtazama yeye. Bibi mmoja akavua vidude vyake, wengine wakafuata. Hapo nikamwona Spika akifanya jambo ambalo nilidhani limekufa: aliwapitia usoni mmoja mmoja, polepole, kama fundi nguo anayepima mabega.

Akawaambia tajiri alifilisiwa na wale wake, wakaondoka mmoja mmoja, akabaki huyu mmoja mwaminifu, anayefua kwa mikono yake. Mkewe akainua shuka, akaanza kulikamua taratibu, kidevu juu, kama mke wa tajiri kweli.

Wageni wakatoka wote nyuma ya Spika, nyaya zinaning'inia. Walipofika kwenye mlango wenye ufa, Spika akasema ulipasuliwa na mke wa saba siku alipohama na kabati lake. Kijana mmoja akachungulia simu.

"Hapa inasema ni bwana harusi."

"Simu ina uongo wa mwaka jana," Spika akamjibu, na safari ikaendelea.

Jumatatu geti lilipata mlinzi mwingine. Mfereji nao ulizibuliwa baadaye, na fundi akaanza kufungasha arudi kwenye kona yake ya zamani. Mke wa Spika akamwahi mwenyewe.

"Unakwenda wapi, fundi? Kaa hapo hapo. Hapo una kivuli."