Boriti ya Mninga

Nimekarabati mapaa mengi Iringa na Mbeya, na watu hunisifu kwa hayo. Mimi huwa nalikumbuka moja tu, la kanisa la misheni huko milimani Iringa, kwa sababu niliharibu kazi ya mtu kwa kiburi changu.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimerudi kutoka Mbeya, nilikokuwa nikijenga nyumba za maofisa, nimezoea misumari na bolti, kichwa kimevimba. Paa la kanisa lilikuwa limebonyea upande mmoja, nikapewa kazi ya kulitengeneza. Aliyelijenga ni mzee aliyenifundisha useremala. Alitumia boriti za mninga kutoka tambarare za Madibira, akaziunga kwa vigingi vya mti, bila msumari hata mmoja. Mbao zile alizikausha miaka miwili juu ya moshi wa tanuri la matofali kabla hajazigusa kwa patasi.

Aliposikia habari alipanda mlima na mkongojo wake. Akapanda na ngazi pia, tukimshikilia, akaigonga boriti kwa vidole.

"Haijaoza yote hii," akasema. "Imeliwa kichwa tu, pale inapoingia ukutani. Kata futi mbili, unga mti mkavu, piga vigingi. Sehemu iliyobaki iache."

"Baba, nani ana muda wa kungoja mti ukauke? Padre anataka paa kabla ya Pasaka," nikamjibu.

"Mti mkavu ninao nyumbani. Nitakupa."

Nikacheka, mbele ya vibarua wote. Kicheko kile kinaniuma mpaka leo kuliko kosa lenyewe. Mzee akashuka ngazi polepole, akaenda zake.

Nikaishusha boriti nzima, nikaweka mkaratusi mbichi uliotoka kukatwa juma lile. Nilipoanza kuipasua ile ya zamani, ndani ilikuwa nyekundu, kavu, haina hata tundu la mdudu. Ningeweza kuweka msumeno chini pale pale, lakini ningewaambia nini watu? Nikaipasua yote, nikatengeneza mabenchi ya kanisa. Padre alifurahi sana.

Kiangazi kilipofika, mkaratusi ulijipinda. Mabati yakafumuka na ukuta ukapata ufa. Nikaenda kwa mzee, nikamkuta uani anapukuchua mahindi. Hakunigombeza. Afadhali angenitukana.

"Ile yangu umeiweka wapi?" akauliza. "Tuirudishe."

Nikamwambia nimeshaipasua kutengeneza mabenchi, watu wanaikalia kanisani. Akachukua hindi lingine akaendelea kupukuchua. Nikaaga.

Paa lilitengenezwa tena kwa boriti ya kununua, na limesimama vizuri tu. Lakini tangu siku ile mzee hakukaa tena kwenye benchi kanisani. Misa nzima alisimama nyuma, kaegemea ukuta, hata magoti yalipoanza kumtetemeka. Waumini walimsifu, wakisema mzee yule anamheshimu Mungu kweli kweli. Mimi nilikuwa nimekaa mbele, juu ya mninga wake, na kwa Jumapili zote zilizombakia maishani sikuinuka hata mara moja kwenda kumwomba radhi.